Jemimah Alivyomshtaki Mumewe

Mwasho ulimwanza Jemimah mwishoni mwa mvua ndefu za mwaka 1972, akiwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni kimejaa nusu. Alidhani ni siafu amempanda. Akaacha kuchuma, akaingia kwenye migomba, akajikagua kila mahali asione mdudu. Akarudi kazini. Kabla hajafika mwisho wa mstari ilimbidi akimbilie tena migombani, na safari hiyo alijikuna mpaka machozi yakamtoka.

Baada ya siku tatu hakuweza kukaa kitako bila kujiinamisha upande. Ngozi ya sehemu zake za siri ilikuwa nyekundu, imevimba na kupasukapasuka kama midomo ya mtu mwenye homa, na juu yake kulikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Kila alipokwenda haja ndogo aliuma kitambaa chake cha kichwa ili asipige kelele. Aliosha kwa maji moto na chumvi. Aliosha kwa sabuni ya kufulia. Kila alichoosha nacho kilizidisha moto.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto wanne, na katika maisha yake yote hakuwa amemjua mwanamume ila Obadiah Machogu, mumewe. Kwa hiyo hakuhitaji kuwaza sana ugonjwa umetoka wapi.

Obadiah alikuwa mzee wa kanisa la Sabato pale kilimani, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Nyamira. Watu walimheshimu kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyoyasema aliyatimiza. Alikuwa pia mjumbe wa wakulima wa chai. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alikwenda mkutanoni Kisii mjini, akalala kwa binamu yake kijijini Kiogoro, akarudi Ijumaa kabla jua halijatua. Miaka yote Jemimah hakuwahi kuiwazia vibaya safari hiyo. Sasa aliiwaza kutwa kucha.

Tena yalikuwapo mambo aliyokuwa ameyaona akayapuuza. Mumewe alikuwa amekonda. Ukanda wake alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya. Usiku aliamka mara nne, mara tano, kwenda kukojoa. Na lililokuwa geni kuliko yote, yeye mwanamume mzima mwenye binti wa kuolewa, alikuwa akichukua kipande cha sabuni, akishuka mtoni peke yake na kufua nguo zake za ndani. Jemimah alizikuta zimeanikwa nyuma ya zizi chini ya gunia. Akazifunua. Zilikuwa na madoa ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo.

Kwenda kutibiwa Nyamira hakutaka, maana mmoja wa wauguzi wa pale aliimba naye kwaya. Alimwambia Bonareri, binti yake mkubwa, kwamba anakwenda Nyamarambe kumjulia hali shangazi yake. Akapanda basi asubuhi, akateremka kwenye kituo cha afya ambako hapakuwa na mtu wa kumjua.

Muuguzi aliyempokea aliitwa Sista Bathsheba, mwanamke mnene mwenye miwani, mwenye haraka lakini asiye na ukali. Alimlaza, akamtazama muda mfupi, akavua glavu.

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Ni mkulima, Sista."

"Husafiri?"

Jemimah akavuta kanga kufunika magoti.

"Husafiri," Sista akajijibu mwenyewe. Akavuta penisilini kwenye bomba la sindano. "Haya ni magonjwa ya zinaa, mama. Kama si kisonono ni ndugu yake. Wewe nitakudunga, lakini umlete na yeye. Asipotibiwa, wewe utapona Jumatatu na Jumatano utakuwa umeugua tena."

Neno lile zinaa lilimwingia Jemimah kuliko sindano. Kwenye basi la kurudi alikataa kiti kilichokuwa wazi, akasimama njia nzima ameshika chuma, na mwanamke mmoja alipomuuliza kama anaumwa mgongo, alisema ndiyo.

Sindano haikumsaidia. Siku ya nne hali ilikuwa mbaya mara mbili ya mwanzo, na utando ule mweupe ukaongezeka. Akaona kwamba ugonjwa ulioshinda penisilini si ugonjwa wa mchezo. Alikumbuka hadithi za wanawake walioozeshwa matumbo na kaswende, wengine wakapagawa, wakafungwa kamba na wana wao. Akamsubiri mumewe Jumapili mchana, watoto wakiwa wamepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia. Obadiah alikuwa ameketi uani akichonga mpini wa jembe.

"Baba Bonareri," Jemimah akasema, "nimedungwa sindano ya zinaa."

Panga likasimama hewani, kisha likashuka taratibu.

"Unasema nini?"

"Umenisikia. Na wewe unao. Nguo unazoficha nyuma ya zizi nimeziona."

Obadiah aliuweka ule mpini chini. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu aliyetoka safari ya mbali.

"Ni kweli nina vidonda. Nawashwa tangu Februari, sijui nikae vipi wala nilale vipi. Lakini sijamgusa mwanamke, Jemimah. Mungu ananiona."

"Tangu Februari, na ukanyamaza?"

"Ningekwambia nini? Ungeniuliza hili hili unaloniuliza sasa."

"Basi twende hospitali, sisi wawili. Kesho."

"Nikapange foleni na vijana wa mjini waliotoka kwa malaya? Mimi? Mtu akiniona pale amekwisha kunihukumu. Kwenda ni kukiri."

"Mimi nilipanga foleni," Jemimah akasema. "Mimi nisiye na kosa."

"Hata mimi sina kosa."

"Basi ugonjwa umetoka wapi?"

"Sijui."

Jibu hilo ndilo lililommaliza. Kama angetunga uongo, akasingizia choo cha mjini au blanketi la kuazima kwa binamu, Jemimah angepata kitu cha kushika. Lakini mtu mwenye akili zake, anayekumbuka ni mche upi wa chai ulipandwa mwaka gani, anaambiwa ameleta ugonjwa nyumbani, na yeye anasema hajui. Siku hiyo hiyo alihamisha godoro lake jikoni, akalala na binti zake.

Wiki zilizofuata aliziishi kama mtu anayetembea juu ya makaa. Bibi mmoja wa jirani, Mong'ina, alimpa magome ya kuchemsha, akamwambia akae juu ya mvuke wake. Mvuke ukambabua, ngozi ikatoka. Alichuma chai amesimama miguu mbali mbali, na wachumaji wenzake wakaacha kuzungumza kila alipokaribia. Aliogopa kumbeba mwanawe wa mwisho asije akamwambukiza. Alitenga sufuria yake, sahani yake, beseni lake. Asubuhi moja mto ulikuwa umefurika, akasimama ukingoni na mtungi mtupu, akakaa pale muda mrefu kuliko unaohitajika kuteka maji. Bonareri ndiye aliyekuja kumshika mkono.

"Mama, twende. Uji umepoa."

Alijaribu kumweleza wifi yake, Nyanchera, dada yake Obadiah. Nyanchera alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya ndizi.

"Ndugu yangu namjua," akasema. "Lakini wanaume ni wanaume. Nyamaza ulee watoto."

Kunyamaza kulimshinda. Alikwenda kwa Mchungaji Manasseh, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema yote bila kuinua macho.

Baraza la kanisa likakaa. Obadiah alisimama mbele ya watu ambao wengi wao alikuwa amewafundisha Biblia yeye mwenyewe. Jemimah aliitwa arudie maneno yake, akayarudia. Mchungaji, ambaye kwa kweli hakulitaka jambo lile, akamwomba Obadiah kwa upole.

"Mzee, tuletee barua ya daktari tu. Daktari aseme huna ugonjwa, tufunge daftari hili."

"Ugonjwa ninao," Obadiah akasema. "Uzinzi ndio sina. Daktari atapima uzinzi kwa kitu gani?"

"Lakini mzee..."

"Nimesema sijafanya. Neno langu limeacha kutosha tangu lini?"

Sabato iliyofuata jina lake lilisomwa mbele ya kanisa zima kwamba ameondolewa katika ushirika kwa kuvunja amri ya saba, usizini. Alikuwa ameketi pale pale anapoketi siku zote. Aliposikia jina lake, alichukua kofia yake, akatoka kupitia katikati ya kanisa, suruali ikimpwaya kama ya kuazima. Jemimah, upande wa wanawake, aliinamisha kichwa. Alitegemea moyo wake ungetulia sasa. Haukutulia.

Tangu siku hiyo Obadiah hakusema na mtu. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Mtungi uliowatosha watu sita kutwa aliumaliza peke yake kabla ya saa sita. Jemimah alisema ni aibu inayomkausha koo. Kisha Bonareri akaona kwamba pale nyuma ya migomba, mahali baba yake anapokojoa, sisimizi walikuwa wamejaa mpaka ardhi imekuwa nyeusi. Wanawake wakasikia. Wakasema huo ugonjwa wa malaya umefikia mahali pa kuvuta wadudu, na hakuna aliyejua zaidi ya hapo.

Mwishoni mwa Julai alianguka kwenye chai. Ratemo, mdogo wake, alimkuta amelala chali, anahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na hasikii anapoitwa. Majirani wakaja. Mmoja akamwinamia, akainuka haraka.

"Amelewa! Ananuka kama ndizi za kutengenezea pombe."

Na kweli pumzi yake ilikuwa na harufu ile, tamu na kali, kama shimo la kuivishia ndizi linapofunuliwa. Mtu ambaye hakuwa ameonja pombe maisha yake yote. Watu wakatazamana, wengine wakaanza kuondoka. Jemimah alipiga magoti, akaweka uso wake karibu na mdomo wa mumewe, akavuta pumzi. Miaka ishirini amelala kando ya mtu huyu. Harufu ile haikuwa pombe. Hakujua ni nini, lakini pombe haikuwa, na hapo ndipo alipoanza kuogopa kitu kingine asichokijua jina.

"Ratemo, simamisha gari la majani," akasema.

Dereva wa lori la chai alikataa, kisha alipomwona mgonjwa akakubali. Walimlaza Obadiah juu ya magunia, Jemimah akakishika kichwa chake njia yote hadi hospitalini Kisii.

Daktari wa zamu siku ile alikuwa kijana aliyeitwa Angwenyi. Aliinama juu ya mgonjwa, akanusa kama yule jirani, lakini yeye hakuinuka kwa haraka. Akaita muuguzi. Wakamtoa Obadiah mkojo kwa mpira. Daktari akatia matone machache kwenye kichupa cha kioo chenye dawa ya buluu, akakichemsha juu ya moto wa spiriti mbele ya macho ya Jemimah. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, na mwisho ikawa nyekundu kama tofali.

"Amekuwa akinywa maji sana?" daktari akauliza.

"Sana, Daktari."

"Anakojoa mara kwa mara? Amekonda?"

"Ndiyo."

"Na sisimizi? Huwaoni pale anapokojoa?"

Jemimah alimtazama kijana yule kwa hofu. "Nani amekwambia?"

"Mkojo wake una sukari, mama. Ndiyo sisimizi wanaifuata. Mwili wake umeshindwa kuitumia sukari ya chakula, inajaa kwenye damu na kumwagikia kwenye mkojo. Ni ugonjwa, unaitwa kisukari. Mngechelewa mpaka kesho mngekuwa mnamzika."

Wakamwekea maji ya mshipa na sindano moja baada ya nyingine. Jemimah alisubiri muuguzi aondoke.

"Daktari. Ana vidonda... huko chini. Na mimi ninavyo."

Daktari hakubadilika uso. Alimwangalia Obadiah nyuma ya pazia, akamwita muuguzi wa kike naye akamwangalia Jemimah, wakachukua damu zao na utando wa vidonda ili vikapimwe. Kesho yake alasiri alimketisha kwenye benchi la veranda.

"Mkojo wenye sukari ukibaki kwenye ngozi, ukungu huota pale, kama unavyoota kwenye mkate uliokaa. Huo ndio uliomchubua mumeo. Wewe umeupata kutoka kwake. Sindano uliyodungwa haiui ukungu. Huupa nafasi ya kuongezeka. Nitakupa dawa ya zambarau ya kupaka. Wiki mbili utakuwa umepona."

"Kwa hiyo si kisonono?"

"Si kisonono, si kaswende. Vipimo vyenu vyote ni safi."

"Na huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?" daktari akauliza.

Jemimah alijifunika uso kwa kanga, na kilio kilichomtoka kiliwafanya watu wa veranda nzima wadhani amefiwa.

Obadiah alizinduka siku ya tatu. Alikuwa amebaki mifupa, lakini macho yalikuwa yake. Jemimah alimweleza neno kwa neno alivyoelezwa, kuhusu sukari, sisimizi na ukungu. Alimwonyesha barua ya daktari. Obadiah aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Kumbe ni hilo," akasema.

"Nisamehe, Baba Bonareri."

Obadiah aliiweka barua chini ya mto.

"Kukusamehe nimekusamehe," akasema. "Ungejua vipi, na daktari mwenyewe amehitaji dawa na moto. Tena ningekwenda hospitali Mei uliponiambia, tusingefika hapa. Lakini ulinisimamisha mbele ya watu niliowafundisha Biblia mwenyewe. Sijui nitakaaje na wewe. Hilo ndilo sijui."

Walirudi nyumbani na chupa ya insulini, bomba la sindano, na maagizo. Jemimah alijifunza kuchemsha sindano kila asubuhi, kuvuta dawa mpaka kwenye mstari, na kumdunga pajani. Insulini walizika ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa ili isiharibike. Mwasho wake ulikwisha, kama alivyoahidiwa, na ngozi ikarudi. Godoro lilibaki jikoni. Obadiah hakumwita, naye hakuthubutu kujirudisha.

Sabato ya pili Jemimah alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Alisema yote: kuwashwa, sindano, alivyomshtaki mumewe kwa jambo ambalo hakulitenda, na barua akaiweka juu ya meza. Wanaume walitazama sakafu. Mwanamke mmoja alikohoa. Mchungaji Manasseh aliisoma barua, akapangusa macho yake, akasema jambo hilo limewahuzunisha wote na kwamba mzee Obadiah atapokewa tena kwa furaha. Utaratibu wa aliyeondolewa katika ushirika, akasema, ni kubatizwa upya, na ubatizo ungefanyika Septemba.

Jemimah alikwenda nyumbani karibu mbio. Obadiah alikuwa ameketi kwenye jua, blanketi mabegani.

"Wamekubali," akasema akihema. "Watakupokea. Utabatizwa Septemba."

"Nioshwe dhambi gani?"

"Ni utaratibu tu, Baba Bonareri."

"Nikiingia majini nitakuwa nimesema nilitenda. Waambie walifute walilolisoma, kwa sauti ile ile waliyolisomea. Maji sihitaji."

Jemimah alizipeleka habari. Baraza likakaa mara mbili. Wengine walitaka, wengine walisema kanisa haliwezi kuvunja utaratibu kwa ajili ya mtu mmoja, na neno likaachwa hapo. Septemba ikapita. Wabatizwaji walishuka mtoni wakiimba, sauti zikafika mpaka uani kwa Obadiah, naye akaendelea kupanga kuni.

Kila Sabato alivaa koti lake zuri, akaketi peke yake sebuleni na Biblia. Jemimah alikwenda kanisani na watoto, akaketi mwisho kabisa, karibu na mlango. Wale waliokuwa wakimwonea huruma alipokuwa mshtaki sasa walimkwepa. Akirudi, mumewe alikuwa akimsalimu kwa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni, na kula alichopakuliwa.

Sabato moja ya Novemba Jemimah alimkuta ameivua miwani, Biblia imefungwa magotini. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kuyafifisha macho yake. Akapita kuelekea jikoni.

"Mama Bonareri," akaita. Hakuwa amemwita hivyo tangu Mei. "Leo walisoma wapi?"

"Zaburi ya themanini na nane."

"Herufi zinanicheza. Nisomee."

Jemimah alivuta kigoda, akaketi mbali kidogo na miguu yake, akasoma mpaka mwisho, pale panaposema, mpenzi na rafiki umewatenga nami. Alipomaliza aliendelea kuutazama ule ukurasa wa Biblia, maana hakuthubutu kuinua macho aone kama mumewe amefurahi.